Ng'ombe Asiyeshika Mimba: Anzeni Kutazama Siku Alipozaa, si Mbegu

Katika miezi ya karibuni malalamiko yanayofika ofisini kwetu hapa Arusha, kutoka Arumeru, Hai na Moshi Vijijini, yamekuwa ya sura moja: ng'ombe amehimilishwa, yaani amepandikizwa mbegu za dume kwa mrija, mara tatu au nne, kila baada ya siku 21 anarudi jotoni, na mfugaji amekwisha kuamua kwamba mbegu ni mbovu au mhimilishaji ni mzembe. Hatukatai kwamba mtungi wa nitrojeni unaohifadhia mbegu ukiachwa ukauke, mbegu hufa. Hata hivyo, tunapomkagua ng'ombe mwenyewe, mara nyingi tunakuta ute wenye madoa ya usaha, na tukiuliza alizaaje, ndipo mfugaji anapokumbuka kwamba kondo la nyuma lilichelewa kutoka. Taarifa hiyo ndiyo iliyopaswa kutufikia miezi mitatu kabla.

Ieleweke kwanza kwamba mji wa mimba kuvimba baada ya kuzaa si ugonjwa. Njia ya uzazi ikishafunguka, bakteria huingia karibu kwa kila ng'ombe, hata yule aliyezalia kwenye nyasi safi, na mwili hupeleka huko chembe nyeupe za damu ili ziwaangamize bakteria na kuondoa mabaki. Chembe hizo hizo husaidia kondo kubanduka. Ng'ombe mwenye kinga imara huianza kazi hiyo upesi na kuimaliza upesi. Anayeumia ni yule ambaye kinga yake imelegea siku za kuzaa, uvimbe ukaendelea wiki baada ya wiki bila usafi kukamilika. Na kinga hulegea kwa sababu zinazojulikana: dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, huchota kalsiamu nyingi kutoka kwenye damu kwa ghafla, hamu ya kula imepungua, na ng'ombe analazimika kuyeyusha mafuta yake mwenyewe ili atoe maziwa.

Kwa hiyo matayarisho huanza siku 60 kabla ya kuzaa, ng'ombe anapokaushwa, yaani anapoachwa kukamuliwa. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro tumezoea kumlisha migomba, lakini shina la mgomba kwa sehemu kubwa ni maji, na ng'ombe aliyejazwa migomba tumbo limejaa, mwili una njaa. Magadi nayo si mbadala wa madini ya dukani, kwa kuwa hayana kalsiamu na fosforasi anazohitaji. Kumnenepesha kupita kiasi pia hakufai, maana ng'ombe mnene hula kidogo zaidi akishazaa.

Kondo hutoka kwa kawaida ndani ya saa 12, na likipita saa 24 limekwama. Tumewahi kumkuta ng'ombe ambaye kondo limening'inia hadi kwenye kwato, na mwishoni limefungwa ndala kuukuu na jiwe ili uzito ulivute. Tunaomba, kwa mara nyingine, jambo hili likome. Kulivuta, iwe kwa jiwe au kwa mkono wa jirani anayejiita daktari, huchana ukuta wa mji wa mimba na kuwafungulia bakteria mlango. Kuingiza maji ya sabuni au ya magadi nako huunguza ngozi laini ya ndani ambayo mimba ijayo inaitegemea. Kata kipande kinachoburuza, kisha mpime joto la mwili kila asubuhi kwa siku 10. Likizidi nyuzi 39.5, akisusa chakula, au akitokwa na majimaji mekundu ya kahawia yenye harufu mbaya, aitwe mtaalamu siku hiyo hiyo. Asipokuwa na dalili hizo, kondo litaoza na kudondoka lenyewe baada ya siku kadhaa, wala si kila kondo lililokwama linahitaji antibayotiki.

Kuhusu dawa, utaratibu ni huu. Tiba hutolewa na mtaalamu aliyesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari Tanzania chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, naye huandika jina la dawa, kipimo, tarehe ya dozi ya mwisho na siku za kusubiri kabla ya maziwa kuuzwa. Mfugaji hutunza karatasi hiyo. Maziwa ya siku za kusubiri hayapelekwi kituo cha kukusanyia, hayachanganywi na ya ng'ombe wengine, na kuyachemsha hakuondoi dawa. Anayetibu bila sifa hutenda kosa la jinai, hata akiitwa na mwenye ng'ombe.

Ng'ombe akitupa mimba, hasa kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, chukulieni kwamba ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba, mpaka maabara iseme vinginevyo. Toeni taarifa kwa afisa mifugo wa kata, kwa kuwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama aripoti ugonjwa wa kutolewa taarifa. Afisa atachukua damu na kuituma maabara, na ng'ombe huyo asiuzwe wala kuhamishwa kabla ya majibu. Kondo na kijusi visiguswe kwa mikono mitupu, mbwa asipewe, bali vifukiwe shimo refu pamoja na chokaa. Ugonjwa huu humpata binadamu pia, kwa homa inayokwenda na kurudi ambayo wengi huitibu kama malaria.

Aliyezaa kwa shida, aliyezaa mapacha, na ambaye kondo lilikwama akaguliwe kati ya siku ya 21 na ya 30, kabla hajahimilishwa. Mje na daftari lenye tarehe ya kuzaa na saa kondo lilipotoka; tukiambiwa tu "alizaa kama kwenye Pasaka hivi", tunabaki kukisia.