Sumu ya Anemoni wa Baharini Si Tindikali

Wanafunzi wanaorejea Nairobi kutoka ziara ya Mombasa husimulia kwamba anemoni wa baharini, mnyama laini mwenye minyiri inayochoma, hutoa tindikali inayoyeyusha ngozi, na sisi tunaofundisha baiolojia tumeliacha dai hilo lienee kwa miaka mingi. Si kweli.

Miongoni mwa sumu zake kuna protini ndogo ziitwazo aktinoporini, kila moja ikiwa na asidi amino zipatazo 175 (neno “asidi” hapa lisitupotoshe, kwani hizi ni matofali ya protini zote, hata za maharagwe). Umbo lake ni kiini kigumu cha tabaka mbili bapa zilizolaliana, chenye heliksi fupi (sehemu iliyojisokota kama springi) kila upande. Protini hiyo huelea majini bila madhara mpaka inapokutana na sfingomielini, mafuta yaliyomo katika utando wa seli. Hapo ndipo heliksi moja hubanduka kutoka kwenye kiini na kupenya utando, huku protini nyingine zikijipanga kando yake. Muundo wa aktinoporini moja, fragaceatoksini C, inayotoka kwa anemoni aitwaye Actinia fragacea, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha protini 8 zikiwa duara lenye tundu katikati, na cha kustaajabisha ni kwamba mafuta ya utando wenyewe ni sehemu ya kuta za tundu hilo.

Ukitia sumu hii katika mchanganyiko wa chembe nyekundu za damu, chumvi na maji huingia kupitia matundu, chembe huvimba na kupasuka, na kimiminiko kilichokuwa na ukungu huwa chekundu kiangavu. Hakuna kilichoungua.