Mfuniko wa saa ukigoma, si nguvu inayokosekana

Ukipita soko la Kadutu, hapa Bukavu, utasikia ushauri uleule: mfuniko wa nyuma wa saa ukigoma, chomeka kisu, sukuma. Saa nyingi zimekufa hivyo.

Kisu kinafaa mfuniko wa kubana tu, ule wenye kijipengo kidogo ukingoni. Hata hapo, blade fupi butu inatosha. Unaizungusha kidogo, huichomi ndani. Mfuniko wenye vijipengo kuzunguka duara, mara nyingi sita, una nyuzi kama skrubu. Huo hata ukiusukuma mpaka jioni hautang'oka. Utachubua chuma na mkono wako. Na zipo saa zisizo na mfuniko wa nyuma kabisa: zinafunguliwa kwa mbele, kwenye kioo.

Kwa nini wa nyuzi unakwama? Jasho na uchafu hukauka kwenye nyuzi, mpira wa kuzuia maji hugandamana. Safisha ukingo kwa mswaki, jaribu kwanza kuukandamiza mfuniko kwa mpira wa duara unaonata, ukizungusha kinyume na mwendo wa mishale. Ukishindwa, tumia ufunguo wenye meno, saa ikiwa imebanwa imara. Tone dogo la mafuta ya kulegeza kutu husaidia, ila lisivuke kuingia kwenye mashine. Mafundi wengine hugundisha nati kubwa juu ya mfuniko kwa gundi kali, wanaizungusha kwa spana, halafu wanaiyeyusha gundi kwa asetoni. Inaonekana kama wazimu, lakini inafanya kazi.

Mpira wa zamani wa kuzuia maji ukishakatika, weka mpya, la sivyo usiivae saa hiyo ziwani Kivu.