Je, wajua kwa nini uso husema kabla ya mdomo?

Nilimrekodi mama mkubwa kwa simu, kibarazani kwake Mji wa Kale, akingoja habari za mwanawe aliyelazwa. Mwenyewe aliniruhusu. Nilipomuuliza kama ana wasiwasi, alitabasamu: "Si neno, mwanangu. Mola yupo."

Usiku niliitazama video ile polepole, kasi imepunguzwa mara 8. Kabla tabasamu halijafika, nyusi zilipanda zikakaribiana, midomo ikabanwa, kisha vyote vikafutika. Na muda wote ule vidole vilikuwa vikisokota pindo la leso.

Mbona sikuyaona haya nikiwa mbele yake?

Uso una mabwana wawili. Tabasamu la kukusudia huamriwa na gamba la nje la ubongo. Hofu huanzia sehemu za ndani zaidi, nayo haingoji ruhusa. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Haggard na Isaacs, walikuwa wakitazama polepole filamu za wagonjwa wakizungumza na matabibu wa akili. Wakaona ishara za uso zinazopita kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa kasi ya kawaida zilikuwa zikiwaponyoka.

Msanii Bill Viola wa Marekani alizipa hisia nafasi ya kuonekana. Katika kazi yake ya video ya mwaka 2000, The Quintet of the Astonished, waigizaji watano wamesimama wakiwa wamesongamana, kila mmoja na lake moyoni. Tukio la kama dakika moja limenyooshwa hadi kupita dakika 15. Kwa mwendo huo, kilio hakiji ghafla: unakiona kikijikusanya usoni, kidogo kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya sanaa hii, kumlazimisha mtu amtazame mwenzake bila haraka.

Wala si uso peke yake. Hofu ikiingia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza, damu hupungua tumboni ikakimbilia misulini. Hapo ndipo mtu husema tumbo limemchafuka. Jasho nalo lina siri yake. Kwenye feri ya Likoni, Mombasa, saa saba mchana kila mgongo umelowa, kwa hiyo jasho la mgongoni halikwambii kitu. Viganja ni habari nyingine: tezi zake huitikia hisia zaidi kuliko joto. Anayetaka kurekodi wasiwasi wa abiria pale, kwa idhini yao, na aelekeze kamera mikononi.

Simu ya mama mkubwa ililia jioni ya siku ile ile, nami nilikuwa bado narekodi. Kijana amepata nafuu. Kwenye video mdomo unasema "Alhamdulillahi", macho yanalegea, mabega yanashuka taratibu. Vidole bado vimelishika pindo la leso.