Kuteleza juu ya volkano hai: tunavyodhani na ilivyo Ruapehu

Ruapehu, wenye mita 2,797, ndio mlima mrefu kuliko yote katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand. Ni volkano hai, na kila majira ya baridi watu humiminika kwenye viwanja vya Whakapapa na Tūroa kuteleza kwa skii, vibao virefu vya kufungwa miguuni, kwenye theluji yake.

Dhana: Volkano ina moto, basi theluji haikai.

Kwa Mtanzania jibu liko nyumbani. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni volkano na ina barafu. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König waliiteremka kwa skii. Mwamba haupitishi joto kwa urahisi. Joto la Ruapehu hujionyesha kwenye kasoko, yaani shimo la kileleni, penye ziwa la maji ya tindikali ambayo wakati mwingine hufikia nyuzi 40, theluji ikiwa imelizunguka.

Dhana: Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hutoka kwenye kitovu cha dunia.

Haitoki mbali hivyo. Mashariki mwa kisiwa, bamba la Pasifiki, kipande kikubwa cha ganda la dunia, linazama chini ya bamba la Australia. Likibanwa huko chini hutoa maji, na maji hayo huufanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi. Kilimanjaro ina chanzo kingine: ardhi inayovutwa na kutanuka katika Bonde la Ufa.

Dhana: Cha kuogopwa ni lava, yaani magma inayotoka juu ya ardhi.

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa humfanya mtu aiangalie hatari isiyo yenyewe. Ruapehu huua kwa maji. Maji ya ziwa yakimwagika, huzoa theluji, majivu na mawe njiani, yakawa tope zito liendalo kasi mabondeni. Wala si lazima mlima ulipuke. Mlipuko wa 1945 uliacha kizuizi cha majivu kwenye mdomo wa ziwa. Kikabomoka usiku wa tarehe 24 Desemba 1953, mlima ukiwa kimya. Tope likaharibu nguzo za daraja la reli la Tangiwai, treni ya abiria ikatumbukia mto Whangaehu, na watu 151 wakafa mkesha wa Krismasi.

Kizuizi kingine cha aina hiyo kilibomoka Machi 2007, lakini safari hii mitambo ya tahadhari ilikuwapo, na hakuna aliyekufa. Septemba mwaka huohuo mlima ulilipuka usiku, tope likapita kwenye uwanja wenyewe wa Whakapapa.

Ndiyo maana king'ora kikilia, anayeteleza haambiwi akimbilie chini. Huambiwa atoke bondeni mara moja, apande mgongo wa mlima ulio karibu naye.