Klampu mita ya umeme unaovuja: ijaribu kabla ya kulipa

Klampu mita ya kawaida (mita yenye taya zinazofunguka na kuzunguka waya), ile ya ampea 400 au 600, ikizungushiwa waya wa ethi husoma 0.0, na mwenye nyumba huambiwa hakuna umeme unaovuja. Jibu hilo halina thamani. Hatua ndogo kabisa ya mita nyingi za aina hiyo ni ampea 0.1, yaani miliampea 100, wakati swichi ya RCD (inayokata umeme inapohisi uvujaji) ya miliampea 30 inatakiwa ikate umeme uvujaji ukiwa kati ya miliampea 15 na 30. Umeme wa kuua mtu unaweza kupita katikati ya taya za mita hiyo na kioo kisitikisike.

Kwa kazi hii inatakiwa klampu ya uvujaji, yenye hatua ya miliampea 0.01 au ndogo zaidi. Wanunuzi wengi huishia hapo, na ndipo fedha inapopotea, kwa sababu tarakimu nyingi kwenye kioo ni rahisi kutengeneza. Kigumu ni mita kusoma sifuri pale penye sifuri.

Uvujaji hupimwa kwa kuweka fezi na nyutro pamoja ndani ya taya, waya wa ethi ukiachwa nje. Kwenye fezi tatu, zote tatu na nyutro huingia kwa pamoja. Usumaku wa umeme unaokwenda hufutwa na wa ule unaorudi; kinachobaki ni kile kilichopotelea njiani. Kwa hiyo jiko likivuta ampea 10, mita inatafuta tofauti ya sehemu moja kwa elfu hivi ya umeme wote huo. Taya zikiwa zimelegea, zimetengenezwa ovyo au zina vumbi mdomoni, utasomewa miliampea za uongo.

Nenda dukani na ekstensheni fupi iliyovuliwa ganda la nje tu, kila waya ukibaki na ganda lake zima. Chomeka birika la umeme lisilo na hitilafu, la wati 2,000. Kwa volti 230 litavuta karibu ampea 8.7. Zungushia fezi na nyutro: mita nzuri itasoma chini ya miliampea moja. Sasa geuza mita taratibu kuzizunguka nyaya. Namba ikipanda na kushuka kwa miliampea kadhaa, irudishe kabatini. Kisha funga taya zikiwa tupu na uzisogeze karibu na waya wa fezi peke yake. Namba ibaki karibu na sifuri. Klampu za uvujaji zina kiwango chake cha kimataifa, IEC 61557-13, ambacho huzipanga kwa madaraja kulingana na zinavyostahimili usumaku wa nje. Kitabu cha mita kisipokitaja, uliza kwa nini.

Kuhakiki namba yenyewe, tumia transfoma ndogo ya volti 12 za AC na rizista ya oumu 1,200: zitapitisha karibu miliampea 10. Ukipitisha waya unaoziunganisha mara kumi ndani ya taya, mita isome karibu miliampea 100.

Kitufe cha filta, kinachochuja umeme wa frikwensi ya juu, kisikosekane. Inveta, taa za LED na chaja za kompyuta huvujisha kiasi kidogo cha umeme wa frikwensi ya juu kupitia kapasita zake. Pima filta ikiwa imezimwa, halafu imewashwa. Namba ikishuka sana, chanzo kikubwa ni vifaa hivyo. Ikibaki palepale, anza kukagua nyaya, hita na pampu, ingawa kapasita za vifaa hivyo huvujisha pia umeme wa frikwensi ya kawaida. Mita iwe ya true RMS (isomayo sawasawa hata wimbi la umeme likiharibika), daraja la usalama CAT III (linalofaa kwenye bodi na nyaya za jengo), na taya zipite kwenye nyaya nene za swichi kuu: milimita 40 zinatosha nyumba nyingi, ingawa za milimita 24 huingia vizuri zaidi ndani ya bodi iliyobanana. Kwa upande wa DC wa sola, klampu ya AC ni kipofu kabisa.

Ukishaipata, anza kwenye nyaya kuu, kisha saketi moja baada ya nyingine. (Kufungua bodi ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.) Uvujaji wa kawaida nyuma ya RCD ya miliampea 30 usizidi miliampea 9, yaani asilimia 30. Ukikuta 14, RCD inaweza kuwa inakata ovyo ingawa huenda hakuna kifaa kibovu: kompyuta nyingi kwenye saketi moja zinatosha, na dawa ni kuzigawa. Namba inayopanda kila mzigo wa saketi nyingine unapoongezeka huonyesha nyutro iliyogusa ethi.

Wanaolalamika kwamba yuniti za Luku (umeme wa kulipia kabla, Tanzania) zinaisha haraka nao hupimwa hivi. Miliampea 500 zinazovuja kupitia koili ya hita iliyopasuka ni wati 115, karibu yuniti 2.8 kwa siku. Ila uvujaji wa kapasita huonekana kwenye klampu bila kula yuniti kwa kiasi hicho, hivyo usimwahidi mteja nafuu kabla ya kuzima saketi, kutenga vifaa na kupima insulesheni kwa mega (kipimo cha uimara wa maganda ya nyaya).