Kustaafu Panama, Costa Rica au Ecuador: dhana za Kampala na masharti yenyewe

"Nikishapokea hela zangu za NSSF, viza ya mstaafu ninayo."

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wala si kwa sababu ya uchache wa pesa. Panama na Costa Rica zinadai pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, inayolipwa maisha yote. Panama inashuka hadi 750 kwa aliyenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa Uganda, hukulipa mkupuo ukitimiza miaka 55, na biashara imeisha. Hata uwe na shilingi milioni 300 benki, ofisa wa uhamiaji anataka barua inayotaja utalipwa kiasi gani kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wako, na NSSF haiwezi kuiandika barua hiyo. Kununua hati fungani za serikali hakukuokoi: riba yake huja kila miezi sita, imekatwa kodi, na hati ina tarehe ya kuiva.

Mwenye mkupuo abishe mlango mwingine. Costa Rica ina kibali cha "rentista" (mwenye kipato kisicho cha pensheni): uthibitishe dola 2,500 kwa mwezi kwa miaka miwili, yaani 60,000. Ecuador inampokea mwekezaji mwenye mara 100 ya mshahara wao wa msingi. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa dola 470, kwa hiyo ni 47,000, na amana ya muda katika benki ya huko inakubalika.

"Mtumishi wa serikali ana pensheni ya kila mwezi, kwa hiyo hana shida."

Aina ya pensheni inafaa. Kiasi ndicho kinachogomba. Kila mwezi wa utumishi unahesabiwa sehemu moja ya 500 ya mshahara. Miaka 30 ni miezi 360, sawa na asilimia 72. Ukichukua theluthi kama kiinua mgongo, unabaki na asilimia 48 ya mshahara kila mwezi. Tukiweka dola kwenye 3,650, dola 1,000 ni shilingi 3,650,000, na mshahara wako wa mwisho uwe umefika kama milioni 7.6. Mwalimu wa shule ya msingi hafiki hata robo yake. Ecuador ndiyo kali zaidi: pensheni iwe mara tatu ya mshahara wao wa msingi, yaani dola 1,410 kwa kiwango cha 2025.

Tena pensheni yako ni ya shilingi, sharti ni la dola. Mwaka 2010 dola moja haikufika shilingi 2,400. Anayevuka kizingiti kwa dola kumi tu asiuze kiwanja chake bado.

"Nyaraka zikigongwa muhuri Kampala, zinatosha."

Uganda haimo katika mkataba wa apostili, yaani muhuri mmoja unaokubalika katika nchi zote wanachama, kwa hiyo njia ni ndefu: wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nakala, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi unaoihudumia Uganda, ambao mara nyingi hauko Kampala. Baada ya hapo ndipo unakuja mfasiri anayetambuliwa na nchi unayokwenda.

Kinachoharibu safari ni mambo mawili. La kwanza ni cheti cha tabia njema cha Interpol (polisi wa kimataifa), Kololo, Kampala: kina muda wa kuishi, nao huliwa na foleni za mihuri, kwa hiyo kichukue mwisho, vingine vyote vikiwa tayari. La pili ni jina. Faili la pensheni limeandika Nakaiza, pasipoti Nakayiza. Kwetu ni mtu mmoja, kwa karani asiyejua Kiganda ni wawili. Rekebisha kabla hujastaafu, ukiwa bado unawafahamu watu wa ofisi ya utumishi.

"Nitapita Miami, tiketi ni rahisi."

Marekani inadai viza hata kwa abiria anayebadilisha ndege tu. Usilipe tiketi kabla ya kukagua kila kituo. Kadi ya homa ya manjano nayo ni lazima kwa anayetoka Uganda. Chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari.

"Kama ni Kihispania tu, si twende Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika?"

Kihispania ni lugha rasmi huko, kama ilivyo Panama, Costa Rica na Ecuador, kweli. Unafuu ndio haupo: ni nchi ya mafuta, na sehemu kubwa ya chakula na bidhaa za dukani huagizwa kutoka nje.