Mtoto wa malezi ya kambo na shule: tunayoambiana mtaani na yaliyo kweli

Neno "kambo" limetuharibia mambo. Mtu akisikia malezi ya kambo, kinachomjia ni mama wa kambo wa hadithini na mtoto anayekula makoko. Kwa maafisa ustawi wa jamii neno hilo lina maana nyingine: mtoto ambaye kwa sasa hawezi kukaa na wazazi wake hupelekwa kwa familia iliyochunguzwa na kukubaliwa, imtunze. Hapa Tabata, Dar es Salaam, nina mwaka wa tatu nikiishi na mtoto wa namna hiyo. Ninayoambiwa kuhusu masomo yake, dukani, kwenye vikao vya wazazi, hata na ndugu zangu wa damu, mengi si kweli, na mengine yanamuumiza.

"Huyo kichwa chake kizito"

Alipofika alikuwa na miaka 10, darasa la nne. Madaftari yake yalikuwa masafi kuliko ya mwanangu: mwandiko umenyooka, tarehe imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Wiki ya pili nikamwomba anisomee kitabu chake cha Kiswahili. Akasoma kwa sauti, bila kukwama. Nilipochungulia, kidole kilikuwa mstari wa kwanza na mdomo umeshafika wa tatu. Hakuwa anasoma. Alikuwa amekariri alivyowasikia wenzake darasani. Na ule mwandiko mzuri ulikuwa wa kunakili ubaoni herufi kwa herufi, kama mtu anavyochora ua.

Mtoto anayeshika ukurasa mzima kwa masikio tu, kichwa chake si kizito. Alichokosa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Alikuwa ameshapita shule tatu. Ya kwanza aliiacha kabla hawajafika kugawanya, ya pili akawakuta wameshamaliza kugawanya. Nani amfundishe?

Halafu kuna hofu. Aliyezoea kuondolewa mahali ghafla hushtuka kila mlango ukigongwa. Wataalamu wa makuzi wameliona hili sana: msongo wa muda mrefu humpunguzia mtoto uwezo wa kutulia na wa kushika jambo kichwani hata kwa dakika chache. Mwalimu anaona mtoto anayechungulia dirishani, anaandika "mzembe".

Sikumpeleka tuisheni. Tuisheni ya watoto 40 ingemrudisha kwenye kunakili. Tulikaa wawili, dakika 20 kila jioni baada ya chai, tukaanza na ba be bi bo bu, mlango umefungwa ili wadogo wasimcheke. Ilichukua miezi minane. Namwandikia mlezi anayesoma hapa na ameanza kukata tamaa mwezi wa pili: ni kawaida, endelea.

"Angebaki makao, huko ndiko angesoma"

Nawaheshimu walezi wa makao ya watoto, na kuna watoto ambao makao ndiyo yaliyowaokoa. Ila kwamba akili hukua vizuri zaidi huko, hapana. Ushahidi unaojulikana zaidi unatoka Romania. Watafiti waliwachukua watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye makao mjini Bucharest, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za kambo, nusu wakaendelea na matunzo waliyokuwa nayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha waliokwenda kwenye familia wanapata alama za juu zaidi kwenye vipimo vya akili, na kadiri mtoto alivyopelekwa mapema ndivyo alivyofaidika zaidi.

"Akihama nyumba, ahame na shule siku hiyohiyo"

Hili hata mimi niliamini. Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 2015 inasema kinyume chake: mtoto wa malezi ya kambo abaki shule yake ya awali, isipokuwa ikionekana si kwa faida yake, na akilazimika kuhama apokelewe mara moja hata kama karatasi zake hazijafika. Sababu ni ileile ya mapengo. Kila uhamisho unakula wiki na marafiki.

Wa kwangu alikuwa anasoma Mbagala. Afisa ustawi akanishauri tusubiri, kwa kuwa upimaji wa darasa la nne ulikuwa umebaki wiki tano. Nikamsindikiza alfajiri, tunabadilisha gari Buguruni, na mnajua makonda wanavyowakimbia wanafunzi asubuhi. Alifeli, kama nilivyotegemea, akaja kurudia darasa huku Tabata. Lakini aliufanya mtihani ule katikati ya watoto anaowajua, na siku ya mwisho aliagana nao. Kuagana hakujawahi kumtokea.

"Walimu wasijue, watamnyanyapaa"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na watoto huiona kamba hiyo kabla ya watu wazima. Kuficha kabisa hakusaidii. Kumwambia kila mtu ni vibaya zaidi, maana historia ya mtoto si habari ya ofisi ya walimu. Mimi nilimwambia mwalimu wa darasa peke yake, na nilimwambia anachohitaji kufanya, si yaliyompata mtoto. Nilikwenda baada ya insha ya "Familia Yangu", ambayo alirudisha karatasi tupu akachapwa. Tukakubaliana insha za namna hiyo aandike "watu ninaoishi nao". Mwalimu yule alibadilisha kichwa cha insha kwa darasa zima. Sikumwomba hilo, na bado namshukuru.

"Ameshakuwa mkubwa, shule imempita"

Haijampita. Mpango wa MEMKWA uliwekwa kwa ajili ya walioikosa elimu ya msingi, hadi vijana wa miaka 18, na tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi shule za kawaida.

"Elimu ni bure, mlezi hana cha kutoa"

Ada imefutwa, msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Sare, viatu, madaftari na nauli havijafutwa. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mlezi wa kambo wajibu wa matunzo sawa na wa mzazi muda wote mtoto akiwa kwake.

"Hana cheti cha kuzaliwa, hataandikishwa"

Haki ya mtoto kusoma haitokani na cheti. Lakini pengo la karatasi litamfuata, hivyo lizibwe mapema. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wana utaratibu wa kusajili waliochelewa, hata aliyevuka miaka 10, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuanza naye. Mimi nilinunua faili la plastiki. Limo agizo lililomleta kwangu, cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho, namba yake ya PREM ambayo shule hutumia kumfuatilia mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, ripoti zote hata zile mbaya, na karatasi ya namba ya simu 116 ya kusaidia watoto, ambayo yeye mwenyewe anajua ilipo. Mzazi aliyefariki, cheti chake cha kifo nacho kinaingia humo. Siku kijana akiomba mkopo wa chuo kikuu kama yatima, Bodi ya Mikopo itakitaka, tena kiwe kimehakikiwa na RITA, na wakati huo huenda afisa anayejua kilipo ameshahamishiwa mkoa mwingine.